Chimba Shimo Moja Kwanza: Ua wa Nyumba Mombasa, Ujenge Mwenyewe au Uite Fundi?

Ua wangu wa kwanza pale Mtopanga ulilala chini usiku mmoja wa mwezi wa Mei. Ulikuwa wa mabati, niliusimamisha mwenyewe kwa Jumamosi tatu, na nguzo za mvinje nilizifukia futi moja tu kwa sababu mikono ilikuwa imechoka. Upepo wa kusi ulipovuma, mabati yaliushika kama tanga, na asubuhi nikaukuta ua umelalia migomba ya jirani. Ua wa pili nilimpa fundi. Nikamtumia pesa zote za vifaa kwa M-Pesa kabla hajaleta hata mfuko mmoja wa simiti. Alichimba mashimo manane, akaondoka, na simu ikazimwa.

Ua nilio nao leo ni wa tatu. Una mwaka wa sita na haujayumba. Huu niliujenga nusu kwa mikono yangu na nusu kwa mikono ya mafundi, na ndio ulionifunza kwamba kuuliza "nijenge mwenyewe au niite fundi?" ni kuuliza vibaya. Kazi ya ua ni vipande vingi vilivyoshikana, na kila kipande huamuliwa peke yake. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, hasa ya kwanza na ya nne.

Hatua ya kwanza: ujue ardhi ni ya nani na mpaka uko wapi

Mombasa tuna jambo la nyumba bila ardhi. Watu wengi Kisauni, Likoni, Changamwe na hata Kisiwani wanamiliki nyumba kihalali, lakini kiwanja ni cha mwenye ardhi wanayemlipa kodi ya ardhi. Ukiwa katika hali hiyo, ukuta wa mawe ni mali ya kudumu unayoisimamisha juu ya mali ya mwenzio. Mwendee mwenye ardhi kwanza, upate idhini kwa maandishi. Hata akikubali, mimi ningechagua nguzo na wavu, vitu ambavyo siku ya kuhama unaving'oa na kuondoka navyo. Ua wa gharama kubwa juu ya ardhi isiyo yako umewaliza watu ninaowajua.

Ukiwa na hati yako, tafuta bikoni za kiwanja, yaani alama za mpaka. Usiuamini ua wa zamani, kwani huenda aliyeuweka alifuata safu ya minazi wala hakufuata ramani. Bikoni zikiwa hazionekani, mlipe mpimaji ardhi mwenye leseni azitafute. Kipande hiki usikifanye mwenyewe hata kama unajua kusoma ramani. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inahesabu kung'oa au kuhamisha alama ya mpaka kuwa kosa la jinai, na ugomvi wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa huanzia kwa msajili wa ardhi kabla ya mahakama kuusikiliza. Gharama ya mpimaji ni ndogo mno ukiilinganisha na safari za ofisini na miaka ya kununiana na jirani.

Kisha zungumza na jirani huyo. Mimi nilikwenda kwa mzee wa upande wa pili baada ya sala ya alasiri.

"Asalaam aleikum, ami. Nataka kubadilisha ua, nimekuja tutazame mpaka pamoja."

"Wa aleikum salaam, mwanangu. Umefanya vyema kuja. Mpaka hauna neno, lakini chunga pale karibu na mwarobaini. Chini pana shimo la choo la zamani. Tulilifunika kwa magogo ya mnazi kabla wewe hujahamia."

Magogo yale yalikuwa yameoza. Ningechimba pale peke yangu, ningetumbukia. Nyumba zetu nyingi hapa zina mashimo ya choo na ya maji machafu ambayo hayamo kwenye ramani yoyote, yamo vichwani mwa wazee tu. Uliza pia bomba la Mowassco, kampuni ya maji, limepita wapi, na kama kuna waya wa stima uliofukiwa kwenda kwenye mita.

Ukitaka ukuta wa mawe au wa konkriti, pitia ofisi ya mipango ya Kaunti ya Mombasa uombe idhini kabla hujamwaga mchanga. Na kama unaishi Mji wa Kale, usiguse ukuta bila kuwaona watu wa Makumbusho ya Taifa wanaosimamia uhifadhi wa mtaa huo.

Hatua ya pili: usibomoe kabla ya kukagua

Zunguka ua wote ukisukuma nguzo moja moja kwa bega. Zinazocheza zitie alama ya chaki. Zikiwa chache na waya bado mzima, badilisha hizo tu, na kazi hiyo ifanye mwenyewe wikiendi moja. Nguzo zikiwa nzima lakini waya umegeuka unga wa kutu, badilisha waya. Ni pale nguzo na waya vyote vimekwisha ndipo unahitaji ua mpya.

Hatua ya tatu: chagua kifaa kwa kuitazama bahari

Watu hununua kwa macho na bei. Hapa kwetu kinachoamua maisha ya ua ni chumvi, mchwa na upepo.

Waya na wavu wa cheni hulindwa na tabaka la zinki, na hewa ya bahari hulila tabaka hilo. Kadiri nyumba yako inavyokaribia ufuo, Nyali, Shanzu au upande wa Likoni unaotazama bahari, ndivyo waya wa bei rahisi unavyokufa haraka. Dukani uliza geji, yaani kipimo cha unene wa waya. Namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba, kwa hiyo geji 16 ni dhaifu kuliko 12, ingawa wengi hudhani kinyume chake. Ukunje kidogo, na ukiona ngozi ya juu inapasuka na kubanduka, urudishe. Wavu uliovikwa plastiki huishi zaidi mradi plastiki yenyewe isichubuliwe wakati wa kuufunga.

Nguzo za mvinje ndizo nafuu na hupandwa kwa wingi Kilifi na Kwale. Mti huu ukiwa hai huvumilia ardhi ngumu ajabu. Ndio uliofaulu pale Bamburi, mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kupanda miti kwenye machimbo matupu ya mawe mwaka 1971. Lakini ukishakatwa ukawa nguzo, mchwa huula kuanzia usawa wa ardhi. Nunua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani. Oili chafu ya gari inayopakwa na wengi huchelewesha mchwa kidogo tu, na inachafua udongo, jambo baya ukiwa na kisima karibu. Boriti za mikoko zina nguvu kuliko mvinje na mchwa haziwezi kirahisi, ila mikoko inalindwa na inasimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya. Usinunue kwa mtu asiyeweza kukuonyesha kibali, kwani mikoko ndiyo mazalio ya samaki na kinga ya fuo zetu.

Nguzo za konkriti hazina hofu ya mchwa. Ugonjwa wake uko ndani. Nondo ikiwa karibu na uso, chumvi huifikia, ikapata kutu, ikavimba na kuipasua nguzo. Kabla ya kununua, tazama ncha iliyokatwa uone nondo iko ndani kiasi gani. Ikiwa konkriti iliyoifunika haizidi upana wa ukucha, nguzo hiyo iache.

Mabati hukupa faragha kwa bei ndogo, lakini hubeba upepo wote, kama nilivyojifunza. Ukiyataka, nguzo ziwe karibu karibu na ziingie chini vizuri, na uache nafasi ya vidole vinne kati ya bati na ardhi. Bati linalogusa udongo huoza, na nafasi hiyo ndiyo njia ya maji wakati wa masika.

Kuna na ua wa makuti ya kumba, uliosukwa kama walivyosuka mabibi zetu. Hubadilishwa kila baada ya muda mfupi, lakini hupitisha upepo, hauna kutu, na mwenye mikono ya kusuka anaujenga bila fundi yeyote. Kwa ua wa ndani wa nyuma ya nyumba bado naupenda kuliko yote.

Hatua ya nne: chimba shimo moja

Hii ndiyo hatua inayoamua, nayo haigharimu chochote isipokuwa jasho. Kabla ya kununua kifaa na kabla ya kumpigia fundi, chukua mtaimbo, sururu na sepetu, nenda mahali ambapo nguzo moja itasimama, utazame saa, kisha uchimbe shimo la futi 1 kwa futi 1, kina futi 2.

Mombasa chini si moja. Kisiwani, Nyali, Bamburi na ukanda wa Likoni karibu na bahari tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mahali pengine mwamba uko mita nzima chini ya mchanga, mahali pengine utaugonga kabla jembe halijazama. Ukielekea bara, Changamwe, Mikindani na Jomvu, mwamba wa chini ni mwingine kabisa, na mahali pengi utakutana na udongo wa mfinyanzi ambao hutanuka mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Mtu wa Kiembeni na mtu wa Mikindani hawawezi kupeana ushauri wa ua bila kutazama udongo.

Sasa fanya hesabu. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mzunguko wa futi 300, yaani takriban mita 91. Nguzo zikikaa kila futi 10 unahitaji mashimo 30. Shimo lako la majaribio likichukua nusu saa, kazi nzima ni saa 15, sawa na wikiendi mbili za mtu mwenye afya. Likichukua saa tatu, ni saa 90. Hiyo ni kazi ya vijana wawili wa kibarua wenye mitaimbo mizito, wala si kazi ya mtu anayeamka alfajiri kuwahi feri au matatu. Ukigonga mwamba kabisa, uliza bei ya fundi mwenye mashine ya kutoboa.

Mwaga na ndoo ya maji ndani ya shimo. Yakiondoka upesi, vizuri. Yakilala humo hadi kesho yake, nguzo ya mti itaoza hapo, na ukuta wa mawe utahitaji msingi ulioamuliwa na mtu anayejua.

Hatua ya tano: andika kila kitu kwenye karatasi moja

Kwa ploti ile ile ya futi 300, ukiondoa geti la futi 12, utahitaji wavu wa mita 88 hivi. Rola nyingi huuzwa za mita 18, kwa hivyo ni rola 5. Mashimo 30 yakijazwa konkriti ya simiti moja, mchanga mbili na kokoto nne, yatameza takriban mifuko 10 au 11 ya kilo 50. Ongeza viegemeo viwili kwa kila nguzo ya pembeni (ya kona), navyo vina mashimo yake, na uongeze nguzo nzito mbili za geti. Halafu waya wa kukazia mistari mitatu, waya wa kufungia, usafiri, na maji.

Maji yaandikwe waziwazi. Visima vyetu vingi vina chumvi, na watu huchanganya konkriti kwa maji hayo kwa kuwa ni ya bure. Kwa nguzo ya mti hakuna madhara makubwa. Penye nondo au bomba la chuma, unapanda kutu mwenyewe ndani ya konkriti. Nunua madumu ya maji baridi kwa ajili ya sehemu hizo. Mchanga pia uwe wa mto, kamwe usiwe wa ufuoni.

Karatasi hiyo ipeleke maduka matatu ya hadiwea, kisha iweke mkononi unapozungumza na fundi. Fundi akikupa bei ya jumla, toa bei ya vifaa uliyokwisha kuipata. Kinachobaki ndiyo bei ya mikono yake. Hiyo ndiyo ya kulinganisha na siku zako, pamoja na zana ambazo huna na itabidi ukodi. Ukiwa Likoni na vifaa viko Kisiwani, uliza usafiri utakuwaje, maana lori la kuvuka feri au kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu laweza kumaliza nafuu yote uliyoipata dukani.

Hatua ya sita: gawa kazi

Ningekushauri ufanye mwenyewe haya: kung'oa ua wa zamani, kufyeka mstari, kununua vifaa, kuchimba kama shimo la majaribio lilikuwa laini, kupaka rangi, na kufunga wavu ukiwa na watu wawili wa kukusaidia. Nguzo za pembeni na za geti mwachie fundi, kwa kuwa hizo ndizo zinazobeba mvuto wote wa waya. Ikipinda moja, mstari mzima hulegea. Geti ni la welda.

Ukuta wa mawe unaopita kimo cha kiuno usiujenge mwenyewe. Nalisema hili kwa uzito. Ukuta huonekana mzima kwa miaka, kisha masika huloweka msingi na ukaanguka upande ambao watoto hucheza. Uwe na msingi wa kutosha, nguzo za konkriti kwa vipimo, na matundu ya kupitishia maji chini, la sivyo utageuka bwawa na kuyapeleka mafuriko sebuleni kwa jirani. Ikiwa ardhi ya upande mmoja iko juu kuliko wa pili, hiyo ni kazi ya mhandisi kabla haijawa ya fundi. Ua wa umeme nao ni wa wenye leseni, na hata seng'enge ya viwembe inataka glavu nene na mtu aliyezoea.

Hatua ya saba: kumpata fundi na kumlipa

Usianze na simu. Tembea mtaani, tafuta ua uliojengwa miaka mitatu au minne iliyopita ambao bado umenyooka, bisha hodi uulize nani aliujenga. Ua mpya haukuambii kitu kwa kuwa kila ua umenyooka siku ya kwanza. Kwa kazi kubwa ya ukuta, kampuni iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, na uhakikishe jina hilo katika orodha yao badala ya kuamini kadi.

Mkubaliane kwa maandishi, hata kwenye karatasi ya daftari: urefu, kimo, kina cha mashimo, mchanganyiko wa konkriti, nani anamlipa mtu wa mkono, nani anaondoa taka, na siku ya kumaliza. Ukipanga kazi mwezi wa Ramadhani, kubali siku fupi na uziandike hivyo.

Vifaa lipa wewe, moja kwa moja dukani, vipokelewe nyumbani kwako na uvihesabu. Fundi mlipe kwa hatua zinazoonekana: mashimo yakiwa tayari, nguzo zikiwa zimesimama, wavu ukiwa umekazwa. Fundi mwema hachukizwi na mpango huu, kwa sababu naye analindwa nao. Mwache afanye kazi yake bila kumsimamia kichwani, lakini mashimo yapime mwenyewe kabla hayajajazwa. Yakishajazwa, hutajua tena kina chake.

Hatua ya nane: siku za kazi

Miezi ya Januari na Februari ndiyo mizuri, udongo ni mkavu na masika bado. Agosti na Septemba pia zafaa.

Simamisha nguzo za pembeni kwanza, funga kamba ya uzi kutoka moja hadi nyingine, kisha zilizobaki zifuate kamba. Kila nguzo ipimwe kwa timazi pande mbili kabla konkriti haijashika. Konkriti iinuke kidogo juu ya ardhi na iteremke kutoka kwenye nguzo ili maji yasikae shingoni mwake. Kwa jua letu imwagilie maji asubuhi na jioni, na usikaze waya kabla ya siku 7 kupita. Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri kwa pupa ya kuona ua umekwisha. Wavu ukishafungwa, ncha zote zilizokatwa zipake rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kwani zinki haipo tena hapo.

Malipo ya mwisho ya fundi yabakize, kwa makubaliano mliyoandika tangu mwanzo, hadi mvua kubwa ya kwanza ipite au mwezi mmoja uishe, chochote kitakachotangulia. Siku hiyo zungukeni ua pamoja, wewe na yeye, mkisukuma nguzo moja moja kwa bega. Ikicheza yoyote, airekebishe mbele yako, kisha mpe pesa zake zote zilizobaki papo hapo.